Sura ya Sita: Nani Anabeba Anguko?

Satoshi Nakamoto alipoianzisha Bitcoin Januari 2009, aliipa kanuni moja ambayo hakuna gavana wala waziri wa fedha anayeweza kuigeuza: sarafu zitakazotolewa hazitazidi milioni 21. Takriban kila dakika 10 bloku mpya huongezwa kwenye daftari la pamoja, na humo huzaliwa sarafu chache mpya. Wachimbaji, yaani wanaoshindana kwa kompyuta zao kuongeza bloku na kulipwa sarafu hizo, wakiwa wengi, programu huwaongezea ugumu wa kazi kila baada ya bloku 2,016, ili kasi ya utoaji isipande. Kila baada ya bloku 210,000, yaani miaka 4 hivi, ujira wao hukatwa nusu.

Kanuni hiyo imewavutia watu wengi walioona serikali zikichapa noti hadi akiba za maisha yao zikayeyuka. Lakini ina gharama yake. Shilingi zikipungua sokoni, benki kuu inaweza kuziongeza. Zikizidi, inaweza kuzinyonya kwa kuuza hati fungani au dola. Bitcoin haina mkono wa namna hiyo. Watu wakiigombania, idadi yake haisogei, na wakiikimbia haisogei vilevile. Kwa hiyo kila badiliko la mioyo ya watu huishia kwenye bei. Desemba 2017 bitcoin moja ilikaribia dola 20,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 4,000. Novemba 2021 ilifika karibu dola 69,000, na Novemba 2022 ikawa chini ya dola 16,000.

Mfanyabiashara anayeagiza mzigo leo na kuulipia baada ya siku 60 hawezi kupiga hesabu kwa kipimo kinachopanda na kushuka hivyo. Mwenye nyumba hawezi kuandika mkataba wa kodi wa mwaka mzima. Mfanyakazi hawezi kujua kama mshahara wake utatosha unga mwezi ujao. Fedha isiyotabirika inaweza kuwa kitega uchumi, lakini bado haijawa fedha ya kuishi nayo.

Ndiyo maana, tangu miaka ya mwanzo ya Bitcoin, waandishi wa programu wamejiuliza kama inawezekana kuunda sarafu isiyo na mwenyewe, ambayo hata hivyo thamani yake haiyumbi. Sura hii inafuata majibu yao, yaliyofaulu na yaliyoangamiza. Historia yao inafundisha jambo moja ambalo kila anayeshika sarafu hizi anapaswa kulijua: mtikisiko wa bei haufutwi na programu yoyote. Huhamishwa tu kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine. Anayetaka kujua ubora wa sarafu thabiti na aulize kwanza nani anabeba anguko, na kama mtu huyo anajua kuwa analibeba.

Njia ya wazee

Kuifunga sarafu moja kwenye nyingine si uvumbuzi wa kizazi cha intaneti. Mwaka 1919 Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, makao yake yakiwa London. Bodi hiyo ndiyo iliyotoa shilingi zilizotumika Kenya, Uganda, Tanganyika na baadaye Zanzibar. Shilingi 20 zilikuwa sawa na pauni moja. Aliyeleta pauni alipewa shilingi, aliyerudisha shilingi alipewa pauni, na akiba iliwekwa Uingereza. Bei haikuyumba kwa sababu mlango wa kubadilisha ulikuwa wazi pande zote mbili.

Lakini Septemba 1949 serikali ya Uingereza iliishusha pauni kutoka dola 4.03 hadi dola 2.80. Shilingi yetu, iliyofungwa nayo, ikashuka nayo siku hiyohiyo. Mkulima wa kahawa wa Bukoba na mwenye duka wa Mombasa hawakuulizwa. Walikuwa na sarafu thabiti mbele ya pauni, na walibeba uamuzi uliofanywa na watu wasiowajua.

M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, inasimama juu ya msingi unaofanana na huo. Kila shilingi inayoonekana kwenye simu ina shilingi mwenzake benki, katika akaunti ya amana iliyotengwa na fedha za kampuni. Salio la simu halina bei yake lenyewe. Lina bei ya shilingi. Mfumo huu unafanya kazi vizuri, na sarafu kubwa za kidijitali zilizofungwa kwenye dola, yaani USDT ya Tether na USDC ya Circle, zinafuata wazo hilohilo: kampuni inapokea dola, inaziweka akiba, na inatoa tokeni.

Wazo hilo linamhitaji mlinzi. Lazima awepo mtu anayeshika akiba, na mtu anayeshika akiba anaweza kuudanganya umma, kuikosea hesabu, au kuamriwa na serikali amfungie fulani mlango. Oktoba 2021 tume ya Marekani inayosimamia biashara ya bidhaa za baadaye iliitoza Tether faini ya dola milioni 41, kwa sababu kwa kipindi fulani kampuni ilitangaza akiba kamili wakati haikuwa nayo. Wapenzi wa mfumo usio na kitovu waliona hapo ushahidi wa walichokuwa wakikisema siku zote. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wao walitaka daftari lililo wazi kwa kila mtu, na akiba isiyoguswa na mkono wa yeyote.

Rehani ndani ya programu

Jibu lililofika mbali zaidi lilitoka kwa kundi liitwalo MakerDAO, lililoasisiwa na Rune Christensen kutoka Denmark. Desemba 2017 walitoa Dai, sarafu iliyokusudiwa kuwa na thamani ya dola moja bila kuwa na dola hata moja benki.

Utaratibu wake wa mwanzo ulikuwa kama wa duka la rehani. Mtu aliyemiliki etha, sarafu ya mtandao wa Ethereum, alizifungia ndani ya mkataba wa kiprogramu kama dhamana. Mkataba ulimruhusu kutoa Dai mpya, mradi dhamana ibaki na thamani isiyopungua asilimia 150 ya deni. Tuseme amefungia etha za dola 300 na kutoa Dai 100. Etha ikishuka nusu, dhamana yake ni dola 150 na amefika ukingoni. Ikishuka zaidi ya hapo, programu inauza etha zake, inachukua deni pamoja na faini ya asilimia 13, na kumrudishia kinachobaki. Akitaka kuzikomboa etha zake kabla ya hapo, anarudisha Dai 100 na ada.

Swali ni kwa nini Dai hiyo iwe na thamani ya dola. Siri iko kwenye madeni. Programu inahesabu kila Dai moja kama deni la dola moja. Dai ikiuzwa sokoni kwa senti 97, mwenye deni anapata faida kwa kuinunua kwa senti 97 na kufuta nayo deni la dola nzima. Dai hizo zinachomwa, idadi inapungua, bei inapanda. Ikiuzwa kwa dola 1.03, wenye etha wanatoa Dai mpya na kuziuza, na bei inashuka. Na kama hilo halikutosha, wenye tokeni za MKR, ambao ndio waliokuwa wapiga kura wa mfumo, waliweza kupandisha au kushusha ada ya mkopo. Mwanzoni mwa 2019, Dai ilipokuwa ikielea chini ya dola, waliipandisha ada hiyo hatua kwa hatua kutoka asilimia 0.5 hadi asilimia 19.5 kufikia Mei, ili kuwasukuma wakopaji walipe.

Mtihani wa kwanza ulikuwa mkali. Mwezi Januari 2018 etha moja iliuzwa zaidi ya dola 1,400. Desemba mwaka huohuo ilikuwa chini ya dola 90. Dhamana pekee ya Dai ilikuwa imepoteza zaidi ya tisa ya kumi ya thamani yake, na Dai yenyewe ilibaki karibu na dola.

Nani aliyebeba anguko hilo? Alilibeba mkopaji. Wengi waliotoa Dai walifanya hivyo ili wanunue etha zaidi, wakiamini bei itapanda. Walitaka faida maradufu na walikubali hasara maradufu. Kwa hiyo mfumo wa Dai uliigawa etha moja katika sehemu mbili: sehemu tulivu iliyokwenda kwa mwenye Dai, na sehemu ya fujo iliyokwenda kwa mkopaji. Aliyebeba mzigo alijulikana, aliujua, na aliuchukua kwa hiari. Huo ndio uzuri wa muundo huu, na nauheshimu kuliko miundo yote iliyoupita kwa umaarufu.

Alhamisi ya tarehe 12 Machi 2020

Siku moja baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza kuwa UVIKO-19 ni janga la dunia, masoko yote yalianguka. Etha ilipoteza zaidi ya asilimia 40 kwa siku. Mamia ya watu waliofungia dhamana walivuka ukingo kwa wakati mmoja, na programu ikaanza kunadi etha zao kama ilivyoagizwa.

Hapo ulionekana udhaifu ambao mahesabu hayakuuona. Mtandao wa Ethereum ulijaa, kwa sababu kila mtu alikuwa anakimbilia mlango uleule, na ada za miamala zikapaa. Programu za wanunuzi zilizozoea kushiriki minada zilishindwa kupeleka zabuni, au ziliishiwa Dai. Mnada mmoja ungeweza kufungwa baada ya dakika 10. Wachache waliotambua kuwa hakuna mshindani walitoa zabuni ya Dai sifuri, na wakashinda. Etha za thamani ya zaidi ya dola milioni 8 zilichukuliwa bila malipo.

Wakopaji waliotarajia kukatwa faini ya asilimia 13 wakakuta hawana kitu. Mfumo nao ukabaki na Dai zaidi ya milioni 5 zilizokuwa mikononi mwa watu bila dhamana nyuma yake. Kanuni zilikuwa zimetaja mapema nani atalipa pengo la namna hiyo: wenye MKR. Tokeni mpya za MKR zilitolewa na kunadiwa, hisa za wenye mfumo zikapunguzwa thamani, na kufikia mwisho wa Machi pengo lilikuwa limezibwa. Dawa ya deni ni kulipa, na hapa deni lililipwa. Hata hivyo, baadaye mwaka huo wapiga kura wa MKR walipoulizwa kama wawafidie wakopaji waliopoteza kila kitu, walikataa.

Muda wa minada uliongezwa hadi saa 6, na mwaka 2021 utaratibu ukabadilishwa kabisa: bei ikaanzia juu na kushuka polepole, hivyo zabuni ya sifuri haikuwezekana tena kirahisi. Lakini hatua nzito zaidi ilichukuliwa siku chache tu baada ya anguko. Dai ilikuwa imepanda juu ya dola, kwa sababu wakopaji waliitafuta kwa udi na uvumba ili wafunge madeni, na hakuna aliyetaka kufungia etha kwenye soko linaloporomoka. Ili Dai mpya zipatikane, wapiga kura walikubali USDC kuwa dhamana. Sarafu isiyo na kitovu ikaanza kuegemea dola za kampuni yenye ofisi, wakurugenzi na akaunti benki.

Dhamana ya sifa tupu

Wakati MakerDAO ikihangaika na uzito wa dhamana, kampuni ya Terraform Labs, iliyoanzishwa mwaka 2018 na Do Kwon na Daniel Shin, ilidai kuwa dhamana ya nje haihitajiki. Sarafu yake, UST, iliunganishwa na sarafu nyingine ya kampuni hiyohiyo iliyoitwa Luna. Aliyerudisha UST moja alipewa Luna mpya za thamani ya dola moja, kwa bei yoyote ya siku hiyo. Aliyechoma Luna za dola moja alipewa UST moja.

Wakati watu wanaingia, mzunguko huu unapendeza. UST zinahitajika, Luna zinachomwa, bei ya Luna inapanda, na kila mtu anasema mfumo una nguvu. Huduma ya Anchor iliongeza mvuto kwa kuwalipa wenye UST riba ya karibu asilimia 20 kwa mwaka, wakati benki za Marekani zilikuwa hazilipi hata asilimia moja. Zaidi ya nusu ya UST zote zilikuwa zimewekwa humo kufikia Mei 2022, na jumla ya UST ilikuwa imefika dola bilioni 18.

Sasa tupige hesabu ya kutoka. Luna ikiwa dola 80, kulipa UST moja kunahitaji Luna 0.0125. Luna ikishuka hadi dola moja, UST hiyohiyo inahitaji Luna moja nzima. Ikishuka hadi senti moja, inahitaji Luna 100. Kila anayetoka anaongeza Luna sokoni, kila Luna inayoongezwa inashusha bei, na kila bei inaposhuka, anayefuata anahitaji Luna nyingi zaidi. Dhamana inakauka saa ileile inapohitajika, kwa sababu ilikuwa imani ya watu kwenye mfumo wenyewe tangu mwanzo.

Tarehe 7 Mei 2022 UST nyingi ziliuzwa kwa mkupuo. Akiba ya dharura ya bitcoin zaidi ya 80,000, iliyokuwa imekusanywa na taasisi ndugu ya kampuni, ilitumika karibu yote bila kuzuia anguko. Luna, ambazo idadi yake ilikuwa chini ya milioni 400, zilifika trilioni 6.5 ndani ya siku chache, na bei yake ikawa sehemu ndogo ya senti. Takriban dola bilioni 40 za thamani ya sokoni zilitoweka. Agosti 2025 Do Kwon alikiri makosa ya ulaghai mbele ya mahakama ya New York.

Katika mfumo huu aliyebeba anguko kwenye karatasi alikuwa mwenye Luna. Kwa kweli alikuwa mwenye UST, yaani mtu aliyeambiwa kuwa ameweka akiba mahali salama. Hakujua kuwa mzigo ni wake, na hilo ndilo ninaloliona kuwa kosa la kimaadili, lililo zito kuliko kosa la hesabu.

Uthabiti wa kuazima

Dai ilipita salama katika msiba wa Terra. Lakini tangu Desemba 2020 ilikuwa na dirisha la kubadilishana na USDC moja kwa moja, na dirisha hilo lilikuwa limeifanya iwe tulivu kuliko wakati wowote. Utulivu huo uliazimwa, na siku ya kuudai ilifika.

Ijumaa ya tarehe 10 Machi 2023 benki ya Silicon Valley Bank ya California ilifungwa. Circle ilitangaza kuwa dola bilioni 3.3, kati ya takriban bilioni 40 za akiba ya USDC, zilikuwa humo. Kesho yake USDC iliuzwa chini ya senti 88. Dai, ambayo ilikuwa imezaliwa ili isitegemee benki yoyote, ikashuka nayo. Zilirudi kwenye dola baada ya serikali ya Marekani kutangaza Jumapili kuwa wateja wa benki hiyo watalipwa fedha zao zote. Sarafu iliyoandikwa kwa ajili ya kuikwepa serikali iliokolewa na tangazo la serikali. Hadithi ya pauni na shilingi ya mwaka 1949 ilijirudia kwa sura mpya: anayejifunga kwa mwenzake hushuka naye na hupanda naye.

Wapo waliokataa kuegemea huko. Liquity, iliyoanza Aprili 2021, ilianza kwa kukubali etha peke yake, na mikataba yake haiwezi kubadilishwa na yeyote, hata walioiandika. Ilijifunza kutoka kwa minada ya 2020. Badala ya kusubiri wanunuzi siku ya msiba, inao mfuko ambamo watu huweka sarafu zao mapema. Mkopaji akivuka ukingo, mfuko unalipa deni lake papo hapo na wachangiaji wanagawana etha zake, kwa kawaida kwa bei nafuu kuliko ya soko. Mei 19, 2021, etha ilipoporomoka vibaya kwa siku moja, mfuko huo ulifanya kazi yake. Wabebaji wa mzigo walikuwa wamejiandikisha kabla ya mzigo kufika, na ujira wao ulijulikana.

RAI, iliyoanza mwaka huohuo, ilikwenda mbali zaidi kwa kuikataa hata dola. Lengo lake la bei lilianzia dola 3.14 na kusogezwa polepole na programu, ili bei isirukeruke ingawa haikufungwa kwenye sarafu ya nchi yoyote. Wataalamu waliisifu sana, lakini ilibaki ndogo, kwa kuwa watu wachache wanataka kupanga bajeti kwa kipimo ambacho hakuna duka linalokitumia. Liquity nayo haikukua kufikia ukubwa wa USDT. Sarafu inayodai dhamana ya etha peke yake haiwezi kuwa kubwa kuliko idadi ya watu walio tayari kukopa dhidi ya etha. Huo ndio mpaka halisi wa muundo huu, na ni heri kuukubali kuliko kuuficha kwa riba ya asilimia 20.

Maswali ya kuuliza kabla ya kushika

Sheria zimeanza kufika. Umoja wa Ulaya ulianza kutekeleza kanuni zake za sarafu thabiti Juni 2024, Marekani ilipitisha sheria yake Julai 2025, na Kenya ilipata sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali Oktoba mwaka huohuo. Sheria za Ulaya na Marekani zinamtaka mtoaji anayejulikana awe na akiba halisi. Zitawalinda wengi, na nafurahi zipo. Lakini haziwezi kumlinda anayeshika sarafu isiyo na mtoaji, kwa kuwa hakuna wa kushitakiwa. Huyo analindwa na maswali yake mwenyewe.

La kwanza ni hili: nyuma ya sarafu kuna nini, na je, kitu hicho kina wanunuzi hata sarafu yenyewe isingekuwapo? Etha inao, lakini Luna haikuwa nao. La pili: siku watu wengi watakapotoka kwa pamoja, je, dhamana itabaki na thamani au itapungua kwa sababu ya kutoka kwao? La tatu: nani anaweza kufunga mlango, na yuko chini ya amri ya nani? Agosti 2022, Marekani ilipoiwekea vikwazo Tornado Cash, huduma ya kuficha nyayo za miamala ya sarafu za kidijitali, Circle ilizifungia USDC zilizokuwa kwenye anwani zilizotajwa. Kwa mwingine hiyo ni kinga, kwa mwingine ni hatari, lakini kila mmoja anastahili kujua. La nne ndilo linalobeba mengine yote: bei ya dhamana ikianguka usiku huu, hasara inaanza kwa nani, na ikimshinda huyo inakwenda kwa nani?

Mfumo ambao majibu yake yameandikwa wazi, na ambao wabebaji wake wamekubali na wanalipwa, unaweza kushika bei yake bila mfalme. Dai ya miaka ya mwanzo ilionyesha hivyo, na Liquity imeonyesha hivyo. Uthabiti wa namna hiyo ni ghali, unakua polepole, na unahitaji dhamana kubwa kuliko deni. Anayetangaza kuwa ameupata kwa bei rahisi, kwa wote, na kwa riba juu yake, hajauondoa mtikisiko. Amemkabidhi mtu mwingine, na ikiwa hakukutajia jina la mtu huyo, chukulia kuwa ni wewe.